Mlima Tumeuona, Watu Wako Wapi?

Ukifika Mombo, katika barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, unaliacha joto la mashamba ya mkonge na kugeuka kulia. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilometa zipatazo 33, na karibu zote ni za kupanda. Upande mmoja kuna mwamba, upande wa pili kuna korongo, na basi linazunguka kona baada ya kona huku abiria wakivaa masweta mmoja mmoja. Sisi tumepanda barabara hiyo karibu kila Desemba tangu mwaka 1976, tukienda kula sikukuu nyumbani. Na katika safari zote hizo hatukukosa kitu kimoja: kamera.

Msomaji mpendwa, katika nyumba yetu mmoja ni mwenye kamera, na mwingine ni mwenye kuuliza bei ya filamu. Kwa miaka mingi wawili hao hawakuelewana vizuri juu ya jambo hili. Leo tumekaa pamoja mezani, albamu zimefunguliwa mbele yetu, na tumekubaliana kuwasimulia akina mama wenzetu habari za kamera zetu na za milima yetu ya Usambara. Tunasimulia pia kosa letu moja, kwa sababu huenda mwenzetu mwingine akaliepuka.

Kasha la picha 12

Kamera yetu ya kwanza ilikuwa Kodak Instamatic. Tuliinunua mwaka 1976, tukiwa na miaka 3 katika ndoa na mtoto mmoja wa mwaka na nusu. Aliyetuuzia alikuwa mwalimu wa kigeni aliyemaliza mkataba wake Dar es Salaam na kurudi kwao. Kamera za aina hiyo zilianza kuuzwa mwaka 1963, na zilitengenezwa kwa ajili ya watu wasiojua lolote juu ya upigaji picha. Filamu ilikaa ndani ya kasha la plastiki. Ulilitumbukiza kasha, ukafunga mlango, ukavuta wenzo wa kusogeza filamu, kazi ikawa imekwisha. Picha zilitoka za mraba, upana sawa na urefu.

Kasha letu lilikuwa na picha 12. Hebu fikiria, picha 12 kwa likizo ya wiki 3! Ilibidi kila moja ifikiriwe kama mtu anayenunua kitambaa cha gauni. Baba alizigawa hivi: 3 za barabara ya mlimani, 2 za maporomoko ya maji ya Soni, ambayo huonekana ukiwa njiani kabla ya kufika Lushoto, na 5 za Irente. Zilizobaki 2 ziliwekwa akiba, na nazo zikaishia kwenye ukungu wa asubuhi.

Irente, kwa asiyepajua, ni mahali ambapo mlima unakatika ghafla. Unatembea katikati ya mashamba ya mahindi na maharage, kilometa chache tu kutoka Lushoto mjini, halafu ardhi inakwisha. Unasimama juu ya jabali. Chini yako, takriban mita 1,000, kuna Mazinde, mashamba ya mkonge, barabara kuu nyembamba kama uzi, na nyika ya Wamasai inayokwenda hadi macho yanapochoka. Hatumlaumu mtu anayemaliza filamu yake Irente.

Siku hizo filamu ilipelekwa studio mjini Dar es Salaam kusafishwa, na ulisubiri majuma kadhaa. Desemba iliyofuata tulipanda mlima na picha zetu ndani ya bahasha ili tumwonyeshe Bibi, mama mzazi wa Baba. Bibi aliishi katika kijiji kilicho juu ya Lushoto, kwenye njia ya kwenda msitu wa Magamba. Aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, akafuta mikono kwenye khanga, akazipokea. Alizitazama moja baada ya nyingine, akizishika mbali kidogo na uso kama wafanyavyo wazee. Alipomaliza alizirudisha zote ndani ya bahasha, akasema:

“Mlima nimeuona, mwanangu. Huu mlima nauona kila siku nikienda kuchota maji. Watu wako wapi?”

Tulicheka sana. Tulirudi na maneno hayo Dar es Salaam tukawasimulia majirani kama kichekesho. Bibi hajui mambo ya picha, tulisema.

Kamera nzito kutoka mbali

Mwaka 1981 shemeji yetu alirejea kutoka masomoni Urusi, wakati huo Umoja wa Kisovieti. Vijana wengi wa Tanzania walisoma huko miaka hiyo. Alimletea kaka yake zawadi: kamera ya Zenit-E, ndani ya mkoba mgumu wa ngozi wenye harufu ya duka jipya. Mbele yake palikuwa na alama ya pete 5 za Olimpiki, kwa sababu mwaka 1980 michezo hiyo ilifanyika Moscow. Wasomaji wa umri wetu hawajaisahau michezo ile. Ndipo Filbert Bayi alipopata medali ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3,000, na Suleiman Nyambui akapata nyingine ya fedha katika mita 5,000. Kwa hiyo mgeni akiiona kamera yetu, mazungumzo yalianza na kamera na kuishia kwa Bayi.

Zenit ilikuwa na uzito wa karibu kilo moja. Haikutumia betri. Juu ya lenzi palikuwa na kioo chenye vijicho vidogo kilichohisi mwanga na kusogeza mshale. Ulitazama mshale, ukasoma namba, ukapanga kasi ya pazia, ukafungua kitundu cha lenzi ili uone vizuri, ukalenga, ukakifunga tena kitundu kwa kuzungusha pete, ndipo ukafyatua. Ukisahau kukifunga, picha inaungua kwa mwanga. Na ilipofyatuka ililia kwa kishindo hata mbuzi wakageuka.

Watoto wetu, ambao sasa walikuwa watatu, walijifunza kusimama. “Bado?” wa kwanza aliuliza. “Bado.” “Bado?” “Nyamaza, umeharibu.” Mwishowe walitoroka kwenda kula plamu, maana Desemba ndio wakati wake Lushoto, na Baba alibaki na mlima wake. Mlima haukuuliza “bado.”

Hiyo ilikuwa miaka ya uhaba. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, khanga kwa foleni. Filamu ya rangi ilikuwa haionekani, na ya nyeusi na nyeupe ilipatikana kwa kujuana. Mama alisema waziwazi kwamba haelewi nyumba inayokosa sukari lakini ina filamu. Mara nyingine Baba alisafisha filamu mwenyewe usiku, mlango wa bafu umefungwa na blanketi limeziba upenyo wote. Asubuhi mama alilikuta beseni lake la kufulia likinuka dawa. Lilikuwa jambo la kugombania, nasi tuligombana.

Lakini haki isemwe. Zenit ilitufundisha kuona. Tulijifunza kwamba mlimani saa 7 mchana jua huwa kali, na nyuso zote hugeuka kuwa na mashimo meusi machoni. Tulijifunza kwamba ukungu hudanganya kipimo, kwa sababu ni mweupe na unang'aa, hivyo kamera hudhani kuna mwanga mwingi na watu wakatoka weusi kama vivuli. Na mwaka 1984, tulipopitia Tanga na kuingia katika mapango ya Amboni, yaliyo kilometa zipatazo 8 kutoka mjini, tulijifunza kwamba kamera inaweza kuona gizani ikipewa muda. Mapango hayo ni ya mawe ya chokaa, makubwa na yenye popo wengi. Baba aliiweka Zenit juu ya jiwe, akaigeuza mahali panapoandikwa B, akabonyeza na kushikilia. Sisi tulihesabu kimya hadi 20, taa ya mkononi ikimulika ukuta polepole. Picha ile ilitoka. Tunayo mpaka leo, ukuta wa pango umejaa mikunjo kama pazia. Katika filamu nzima ya safari ile, picha zenye watoto ni 2.

Kamera iliyokataa

Mwanzoni mwa mwaka 1990 mtoto wetu wa kwanza alichaguliwa kuingia shule ya sekondari ya bweni. Sanduku, godoro, sare, ndoo, nauli, vyote vilitakiwa kwa wakati mmoja. Baba hakusema neno. Alichukua mkoba wa ngozi akatoka nao asubuhi, akarudi bila mkoba. Siku hiyo mama hakuuliza bei ya kitu chochote.

Katikati ya mwaka ule tulipata kamera nyingine iliyotumika, ndogo na ya bei nafuu zaidi: Olympus Trip 35. Kamera hizo zilitengenezwa kuanzia mwaka 1967 hadi 1984, na jina lake lilikusudia hasa safari na likizo. Nayo haikuhitaji betri. Vijicho vya kuhisi mwanga vilizunguka lenzi kama ushanga. Kwenye pete ya lenzi palichorwa alama 4: mtu mmoja, watu wawili, kundi, na mlima. Ulichagua alama, ukabonyeza, mengine ilifanya yenyewe. Na kama mwanga hautoshi, kibendera chekundu kilijitokeza katika kijidirisha cha kuchungulia na kamera ikakataa kufyatuka. Ilikuwa nzuri kwa mtu mwenye filamu chache, maana ilimzuia kupoteza picha.

Desemba 1990 tulipanda mlima nayo. Mvua zilikuwa nyingi. Usiku wa mwisho kabla ya kurudi, tulikuwa jikoni kwa Bibi tukiota moto. Nje kulikuwa kukiingia giza na manyunyu. Bibi alikuwa amevaa khanga mpya tuliyomletea, ile ambayo kwa kawaida angeiweka sandukuni mpaka sikukuu nyingine. Akamgeukia Baba.

“Leo nipige mimi.”

Katika miaka 14 hakuwahi kuomba. Baba aliinuka haraka, akageuza pete kwenye alama ya mtu mmoja, akachungulia, akabonyeza. Kibendera chekundu. Alisogea upande wa moto, akabonyeza tena. Kibendera chekundu. Flashi hatukuwa nayo.

“Imekataa, Mama. Mwanga hautoshi. Kesho asubuhi nitakupiga nje, hapo penye maua.”

“Haya, baba. Kesho.”

Kesho yake gari lilikuwa linaondoka Lushoto alfajiri. Tuliamka saa 9 usiku, tukafunga mizigo kwa taa ya chemli, tukaagana mlangoni gizani. Hakuna aliyekumbuka. Tulikumbuka tulipokuwa tumeshuka Mombo, jua limechomoza, na Baba akaona kwenye kamera kwamba zimebaki picha 9.

Machi 1991 tulipata simu ya maandishi. Tulipanda mlima siku ileile. Ndugu waliokusanyika waliuliza kama tumeleta picha ya marehemu, maana kila mmoja alijua kwamba mtoto wake wa Dar es Salaam ndiye mpiga picha wa ukoo. Hatukuwa nayo. Tulikuwa na maporomoko ya Soni, tulikuwa na Irente asubuhi, Irente jioni na Irente penye ukungu, tulikuwa na ukuta wa pango la Amboni. Zile picha 9 zilizobaki zilipigwa msibani.

Miaka kadhaa baadaye tulipata kijitabu cha maelezo ya kamera ile. Ndani yake ilielezwa kwamba ukiigeuza pete kutoka herufi A na kuiweka kwenye namba 2.8, kamera huacha kukataa na kufyatuka. Picha ingekuwa ya giza. Pengine tungeona shavu moja lililoelekea motoni na ukingo wa khanga tu. Lakini ingekuwepo. Kamera haikuwa na kosa lolote. Ni sisi tuliokuwa nayo miezi sita bila kuifahamu, na ni sisi tuliokuwa tumempa mlima filamu yote.

Kilichopatikana katika kopo la biskuti

Baada ya msiba mama ndiye aliyeanza kutafuta. Yule aliyekuwa akiuliza bei ya filamu alishusha kutoka kabatini kopo la biskuti ambamo Baba alihifadhi negativu zote, akaanza kuzitazama moja moja dirishani. Alitafuta jioni nyingi.

Alimpata Bibi katika kasha la kwanza kabisa, la mwaka 1976. Ilikuwa picha ya njia ya kuteremka kutoka Irente, nasi siku zote tuliihesabu kuwa ni picha ya mlima. Kwenye kona ya chini, mdogo kama punje ya mchele, kuna mwanamke anatembea akitupa mgongo. Amembeba mtoto kwa khanga, na kichwa cha mtoto kimelala upande mmoja. Mtoto ni wetu wa kwanza. Mwanamke ni Bibi, aliyetusindikiza siku ile na kutangulia kurudi kwa sababu mtoto alikuwa amesinzia.

Tulipeleka negativu studio wakaikuza. Kipande chenyewe cha filamu hakifikii sentimita 3 kila upande, na ukikuza kona yake tu, chembechembe hujaa kama mchanga. Lakini mwendo wake unajulikana. Ndugu zake wote waliitambua picha bila kuambiwa. Imetundikwa sebuleni kwetu mpaka leo, na wageni huuliza kwa nini tumetundika mgongo wa mtu.

Mtu kwanza, mlima baadaye

Kuanzia mwaka ule tuliweka sheria ya nyumbani: mtu kwanza, mlima baadaye. Tukifika mahali, picha ya kwanza ni ya watu waliopo, hata kama ukungu unataka kuondoka na kuharibu mandhari. Kamera ndogo za plastiki zenye flashi ndani zilipoenea miaka ya 1990, na studio za mjini zikaanza kusafisha picha za rangi kwa saa moja, sheria hiyo ilikuwa rahisi kuifuata. Tuliwapiga wajomba, tukawapiga mashangazi, tukampiga fundi wa gari lililoharibika Soni, na mama aliyetuuzia peasi.

Jambo la ajabu ni kwamba Lushoto yenyewe inaonekana vizuri zaidi katika picha hizo za watu. Nyuma ya shangazi tunaona nyumba ya zamani ya Wajerumani, ambao mji huo waliuita Wilhelmstal. Nyuma ya mtoto anayetafuna mahindi tunaona kilima kilichokuwa na miti mwaka 1993 na sasa kina nyumba. Na katika picha moja binamu ameshika kikopo chenye ua dogo la rangi ya zambarau, alilolichimba kivulini karibu na kijito. Ua hilo limetokea kwetu. Wataalamu walilipa jina la Saintpaulia mwaka 1893, kwa jina la mtawala Mjerumani aliyelipeleka Ulaya, na leo hupandwa katika vyungu madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Zenit yetu ya nyeusi na nyeupe isingeweza kulionyesha.

Desemba nne zilizopotea

Mwaka 2005 watoto, ambao sasa walikuwa na kazi, walimnunulia baba yao kamera ya dijitali. Hakuna filamu, hakuna studio, hakuna kusubiri! Mama ndiye aliyefurahi kuliko wote, maana bei ya filamu ilikuwa imekufa. Tulipiga mamia ya picha na kuziweka zote ndani ya kompyuta. Albamu ilisimama.

Mwaka 2009 kompyuta ile ilizima na haikuwaka tena. Fundi aliifungua, akaitazama diski, akatikisa kichwa. Desemba 4 ziliondoka, za 2005 hadi 2008, pamoja na harusi ya mtoto wetu wa pili. Zilizobaki ni 11, ambazo tulizichapisha kwa ajili ya kumpelekea shangazi mmoja asiyependa kutazama picha kwenye mashine. Tulimcheka shangazi yule kama tulivyomcheka Bibi. Tulikwenda kwake na kumwomba picha zetu.

Tangu hapo tumesoma habari moja inayotufanya tutafakari. Kamera ya kwanza ya dijitali iliundwa mwaka 1975 na mhandisi kijana, Steven Sasson, ndani ya kampuni ileile ya Kodak iliyotengeneza Instamatic yetu. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kanda ya kaseti. Kampuni hiyo iliendelea kutegemea filamu, na Januari 2012 iliomba mahakama iilinde dhidi ya wadai wake. Basi hata wakubwa huwa na kitu cha thamani mbele ya macho yao wakakiahirisha mpaka kesho.

Desemba iliyopita

Desemba iliyopita tulipanda tena barabara ya Mombo, safari hii na wajukuu 4. Kamera sasa ni simu ya mkononi. Mjukuu wetu wa kike, mwenye miaka 13, alipiga picha zaidi ya 400 kwa siku 6. Irente peke yake alipiga 90, nyingi akiwa amejiweka mwenyewe mbele ya nyika yote ya Wamasai. Hatukumkemea. Angalau mtu yupo.

Jioni tulikaa katika jiko lile la zamani, ambalo shemeji amelitunza. Moto uliwashwa, nje manyunyu. Baba alimwuliza mjukuu kama simu yake inaweza kupiga pale. Mtoto alishangaa swali lenyewe. Simu za siku hizi hupiga picha kadhaa kwa haraka na kuziunganisha kuwa moja, kwa hiyo huona hata mahali penye mwanga kidogo. Alituelekezea simu sisi wawili tuliokaa karibu na mafiga, akabonyeza, ikawa. Sekunde 3 hazikufika.

“Babu, mbona umenyamaza?” akauliza. Tukamsimulia. Hakusema kitu. Kesho yake alipita nyumba hadi nyumba akiwapiga wazee wa ukoo, mmoja mmoja, akiandika majina yao katika daftari la shule.

Mambo machache kwa mwenye nyumba

Mama mwenzetu, kama likizo yako inakaribia, tunakuachia haya tuliyojifunza kwa gharama.

Wapige wazee siku ya kwanza, si siku ya mwisho. Waweke mlangoni, wakitazama nje, mahali penye mwanga laini na bila jua la moja kwa moja. Hata kamera dhaifu hufanya kazi nzuri hapo.

Usimwache mwenye kamera nje ya picha. Katika albamu zetu za miaka 15 ya kwanza Baba anaonekana mara 3 tu, na moja ni kivuli chake kwenye nyasi. Mpe mtoto kamera. Picha ikipinda, na ipinde.

Kila Januari chagua picha chache katika mamia ya simu yako, sisi huchagua 12 kwa kukumbuka kasha la kwanza, uzichapishe. Nakala nyingine ziweke mahali pawili tofauti, si ndani ya simu pekee. Simu huibiwa, huanguka majini, huzeeka.

Andika majina na mwaka. Karatasi za zamani huandikika kwa penseli laini nyuma yake. Zile za siku hizi zenye utelezi ni afadhali uandike kwenye kikaratasi na kukiweka pamoja nazo. Epuka albamu zenye kurasa za gundi. Zetu za aina hiyo zimekuwa za manjano, na picha hazibanduki bila kuchanika.

Weka albamu na negativu mahali pakavu, juu kutoka sakafuni na mbali na ukuta wenye unyevu. Na negativu usizitupe kamwe, hata za picha unazodhani ni za mlima mtupu. Hujui nani anapita kwenye kona.

Tunapoandika haya, picha 12 za Desemba iliyopita ziko mezani na penseli iko tayari. Baba ameishika ile ya jikoni, yetu sisi wawili karibu na moto, anaitazama akiiweka mbali kidogo na uso. Mama amemwuliza imegharimu kiasi gani kuichapisha. Hajajibu bado.